Kura ya Katibu

Katibu wetu alikuwa haandiki. Najua linachekesha, maana kazi ya katibu popote pale ni kuandika, lakini mama huyu alikuja kwenye kila kikao cha Umoja wa Michezo wa Vyuo vya Mjini na mfuko wa sufu, sindano mbili ndefu na sweta lililofika nusu. Anakaa mwisho wa meza, anafuma. Ukimwuliza mbona huandiki, anakuonyesha mikono: "Hii ina kazi. Masikio ndiyo hayana." Na kweli, kikao cha mwaka unaofuata angekurudishia ulichosema neno kwa neno, pamoja na ulivyokohoa kabla ya kusema.

Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo lililokuja kuninyima usingizi. Mimi ni mkufunzi wa michezo katika chuo kidogo cha ufundi Makambako: magari upande mmoja, ushonaji upande wa pili, katikati karo la kunawia grisi. Hatuna uwanja, hatuna ukumbi. Tulichokuwa nacho ni Umoja. Mzazi akileta mtoto huuliza, "Nyie si ndio mnaokimbia kule Njombe?" Tukisema ndio, anashusha godoro. Sasa mwaka huu Mwenyekiti mpya wa Umoja, kijana aliyesomea utawala, akatangaza kwamba vyuo vimezidi, mashindano yamekuwa marefu, na chuo kisichoweza kueleza kiliingiaje kitapumzishwa. Neno lenyewe lilikuwa hilo, kupumzishwa. Mkuu wangu wa chuo alinitazama juu ya miwani yake akasema, "Mwalimu, bila Umoja sisi ni gereji." Nikajiuliza mimi je, bila Umoja ni nani? Ushahidi wote wa namna tulivyoingia ulikuwa kichwani mwa mama mmoja aliyekwisha kustaafu, na miguu yake ilikuwa inamsumbua.

Mke wangu anasema mimi hata nikipewa habari njema nauliza imetoka wapi. Sibishi. Lakini kabla sijaeleza nilivyohangaika, afadhali mmfahamu kwanza mtu mwenyewe.

Alikuwa mkufunzi wa chuo cha ualimu, mwembamba, mrefu, sketi ya sufu mwaka mzima na raba za kiume. Wanafunzi walimwita Madam Katibu, wakufunzi tulimwita Madam Katibu, na sokoni Njombe wauza viazi walimwita hivyo hivyo bila kujua ni katibu wa nini. Hakuwa mtu wa kucheka ovyo. Akifurahi alisema "haya," akikasirika alisema "haya," nawe ulipaswa kutazama sindano zake ujue ni ipi.

Historia ya Umoja alikuwa anaisimulia yeye, na kwa maelezo yake hakuna chuo kilichoingia kwa akili. Chuo cha ualimu na chuo cha maendeleo ya jamii walipewa uwanja mmoja siku moja kwa makosa, hakuna aliyetaka kurudi nyumbani na jezi safi, wakacheza. Katika mchezo huo huo mtu akavunjika mguu. Chuo cha uuguzi kikatuma wanafunzi wake kuja kumfunga. Walipomaliza wakabaki kutazama, na wiki iliyofuata wakarudi na timu ya netiboli. Chuo cha kilimo, wale walikuwa wabovu kwa kila mchezo, lakini uwanja wenye majani mazuri ulikuwa wao. "Mwenye uwanja utamnyimaje?" alisema Katibu. "Utachezea kwenye mahindi?"

Ugomvi mkubwa, sisi tukiwa tumeshaingia, ulikuwa juu ya neno mjini. Watu wa Njombe walisema Makambako si mji, ni stendi iliyopata diwani. Sisi tukasema Njombe ni friji lenye benki. Maneno haya yalirushwa kikao baada ya kikao, mengine kwa utani na mengine si kwa utani, mpaka Katibu alipoinua kichwa kutoka kwenye sweta lake. "Mjini," alisema, "ni pale unapopata chai ya moto kabla jua halijatoka." Watu wa Njombe wakatazamana. Saa hizo kwao ni ukungu na mbwa. Makambako malori ya Zambia hayalali, kwa hiyo mama ntilie nao hawalali, na chai ipo wakati wote. Mkufunzi mmoja wa Njombe alinuna mpaka wakati wa chakula, na tangu hapo hakuna aliyetuita stendi mbele ya Katibu.

Siku tuliyoingia nilikuwepo, mgeni kabisa kazini. Tulikuwa tumeomba, na wajumbe walikuwa wamejifungia darasani katika chuo cha ualimu wakituamua asubuhi ile ile ya mbio za nyika. Mkuu wetu wa wakati ule aliamini kwamba mtu akishakuona umefika hawezi kukurudisha, kwa hiyo tulikuja na wakimbiaji wetu kabisa, wamesimama nyuma ya lori lililokuwa limebeba kabichi. Manyunyu yalikuwa yanashuka, na baridi ile ya Njombe inayoingia hadi kwenye meno. Wanafunzi wetu walivua viatu wakaviingiza ndani ya sweta, kifuani, ili wawe na viatu vikavu vya kukimbilia. Walisimama peku kwenye matope wakitetemeka. Mlango ukafunguliwa, Katibu akatoka na sweta lake mkononi, akasimama kwenye ngazi akatutazama kwa muda.

"Vaeni viatu," alisema. "Mbio zinaanza."

Hivyo ndivyo tulivyoingia. Ndivyo nilivyowasimulia wanafunzi wapya kila mwaka, kwa majivuno.

Kilichomfanya aogopwe ni mamluki. Mnajua michezo ya vyuo: kila mkufunzi ana binamu fulani anayekimbia vizuri, na siku ya mashindano binamu huyo anageuka mwanafunzi. Katibu hakudai kitambulisho, maana kitambulisho kinachapishwa popote. Alikuwa anapita kwenye mstari kabla ya mbio na kuuliza kila mtu swali la fani yake. Mmoja alijitambulisha kuwa mwanafunzi wa uuguzi, mwaka wa pili, kifua nje. Katibu akampa mkono wake: "Nipime mapigo." Yule kijana akaweka dole gumba. Wauguzi wenzake kwenye mstari wakainamisha vichwa kwa aibu, kwa sababu dole gumba lina mapigo yake lenyewe, na hilo wanafundishwa wiki ya kwanza. "Haya," alisema Katibu. Yule kijana akajiondokea mwenyewe.

Na msidhani alikuwa anawaonea wengine. Mwaka ambao chuo chake mwenyewe cha ualimu kilikuwa na msichana anayekimbia hasa, kombe likiwa karibu kabisa kuwa lao, Katibu alimwuliza yule msichana angeanzaje somo la kujumlisha kwa mtoto wa darasa la kwanza. Msichana akajibu vizuri mno. Alijibu kama mtu aliyekwisha kufundisha, na kumbe kweli, alikuwa mwalimu mwajiriwa katika shule moja huko Mlangali, ameomba ruhusa ya kuuguza. Katibu akamtoa. Kombe likaenda kwa wauguzi. Mkuu wake wa chuo alikaa muhula mzima bila kumsalimia, naye akafuma sweta la rangi ya udongo muhula mzima bila kulalamika. Nilimwuliza kama hakuumia. "Niliumia," alisema. "Lakini mbio hazina mjomba."

Sasa nije kwenye jambo ambalo sikulielewa kwa miaka. Kwa vyuo vyote alikuwa mkali kwa kiasi kile kile, ila sisi. Wanafunzi wangu aliwauliza maswali mawili mawili, mpaka fundi mmoja akaelezea kabureta nzima huku wenzake wakipoa kwenye mstari. Nilikasirika, nikasema kimoyomoyo mama huyu anatuchukia kwa sababu ya ile barabara yetu ya malori. Halafu saa hiyo hiyo anakuja na sufuria la viazi vya moto, anawapa hao hao. Wengine hakuwapa. Mbio zikianza alisimama karibu na watu wetu, na yeye mwenyewe siku ya mashindano hakutia kitu mdomoni, hata chai. Tukichukua kombe, alinikabidhi bila kunitazama machoni. Mtu aliyewatazama machoni wakuu wa vyuo wakashusha sauti, mimi alinitazama kwenye vifungo vya shati.

Nilimweleza mke wangu. Akasema labda ana deni la roho. Nikamwambia asinitie wasiwasi mwingine, nilionao unanitosha.

Basi, tangazo la Mwenyekiti lilipotoka, na fununu kwamba sisi wa Makambako ndio tutakaopumzishwa, nikasema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Nikachukua pikapu ya chuo nikaenda Ilembula, alikohamia Katibu kwa binti yake muuguzi ili awe karibu na hospitali. Nilimkuta kibarazani, juani, blanketi magotini, anafuma.

"Kamwene, Madam," nikaanza kwa salamu ya huko. "Shikamoo."

"Marahaba, Mwalimu. Umekuja na wasiwasi wako, au safari hii umeuacha Makambako?"

"Nimekuja nao."

"Basi kaeni wote."

Nikakaa. Nikamweleza habari ya Mwenyekiti, mkutano, na kila chuo kueleza kiliingiaje. Nikamwambia hatumhitaji kwa jambo kubwa, aje tu aseme yeye mwenyewe jinsi tulivyoingia, nitamfuata na gari nitamrudisha. Aliendelea kufuma mpaka mwisho wa mstari, akageuza kazi yake, ndipo akaiweka chini.

"Hamkuingia, Mwalimu."

Nilicheka kidogo. Nilidhani ni utani, ingawa sikuwahi kumsikia akitania namna hiyo.

"Kura zilikuwa sawa," alisema. "Nusu ndio, nusu hapana. Ikabaki ya katibu. Nikasema hapana."

"Wewe, Madam?"

"Mimi. Nilisema Makambako ni barabara. Watatuletea matingo wa malori, waliopanda jana na watashuka kesho, na mimi nitashinda mstarini nikiuliza nani mwanafunzi. Wakakubali, kura imepita, nikatoka kuja kuwaambia mrudi. Nikaona watoto wako peku, viatu kifuani. Mdomo ukakataa."

"Na wale wa ndani?"

"Wa ndani walitoka wakakuta mmeshapanga mstari. Nani angeuliza? Unawajua watu wa huku kwetu. Mgeni akishafika mlangoni, hata aliyemkataa atamtolea kiti. Waliosema ndio walifikiri nimegeuza. Waliosema hapana waliona haya. Mwaka wa pili mkaja tena, halafu mkaanza kuchukua makombe, na mimi nikabaki na jambo langu." Alifuta macho kwa sufu. "Nimefukuza mamluki maisha yangu yote, Mwalimu. Chuo kizima cha mamluki nilikiingiza mimi. Kila mwaka ukija kunisalimia nilikuwa nasema, leo ataniuliza."

Sijui niseme nilijisikiaje. Nilimwonea huruma, nikamkasirikia, na juu ya yote nikaogopa, kwa sababu niliona kabisa mkutano utakavyokwenda. Bila yeye hatuna shahidi, tumeondoka. Tukiwa naye, ndio tumeondoka kabisa.

"Madam," nikasema polepole, "unaweza kusema tu kwamba ulitukaribisha. Hilo ni kweli. Ulitukaribisha."

"Nikisimama nitasema yote. Nusu sijui kuisema." Akaokota sindano zake. "Siku ya mkutano utanipitia saa ngapi?"

"Mapema," nikajibu. Na nilipofika barabara kubwa nilikuwa nimeshaamua kutompitia.

Nilikuwa na hoja zangu. Ni mgonjwa. Njia ina baridi. Nitamwambia Mwenyekiti kwamba Madam hajiwezi, nitaomba muda, na kwenye kuomba muda mtu hakosi kupata upenyo. Nikazipanga hizo hoja mbele ya mke wangu aliyekuwa anachambua maharage. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mama wa watu atavaa," alisema, "atakaa kibarazani, asikilize kila gari linalopita."

Nilimchukia kidogo kwa kusema vile, maana tangu hapo sikuona kitu kingine. Siku ya mkutano nikaenda Ilembula. Alikuwa kibarazani, amevaa, tena amevaa tangu alfajiri kwa maelezo ya binti yake. Njiani kwenda Njombe hakufuma. Mikono aliikunja mapajani akatazama mashamba ya chai na misonobari, na mimi nilikuwa naomba kimya kimya gari liharibike. Gari la chuo cha ufundi, tumelitengeneza wenyewe, likaenda vizuri siku hiyo kuliko siku zote.

Mwenyekiti alikuwa na adabu zake. Alisimama kumpokea Katibu, akamvutia kiti, akaviuliza vyuo kimoja kimoja. Kila alichouliza, Katibu alithibitisha: ule mguu uliovunjika, ule uwanja wa majani, wote wakacheka, mimi tu sikucheka. Zamu yetu ikafika.

"Madam, na chuo hiki cha Makambako kiliingiaje?"

Akasimama, ameshika meza. Akasema yote. Kura zilivyokwenda sawa, kura yake, sababu yake ya matingo, ngazi, watoto peku. Hakuacha kitu. "Na Mwalimu huyu," akamalizia, "aliniomba niseme nusu. Ana wasiwasi, msimlaumu." Nilitamani ardhi ipasuke. Wakufunzi wa zamani waliokuwepo siku ile walitazama meza. Mwenyekiti akaweka kalamu chini.

"Kwa hiyo, kwa taratibu, chuo hiki si mwanachama."

"Si mwanachama," alisema Katibu.

"Ahsante, Madam. Unaweza kukaa."

"Sijamaliza. Kura iliyowakataa ilikuwa yangu. Naomba kuibadilisha."

Mwenyekiti alitabasamu kama anayemhurumia bibi yake. "Miaka yote hii imepita, Madam."

"Taratibu zinasema kura inachacha lini?"

Kijana akafikiri. Alikuwa anazijua taratibu kuliko sisi sote, na nilimwona usoni kwamba hakuna mahali zinaposema. "Ukibadilisha kura," alisema mwishowe, "toa sababu."

"Wakati ule nilikuwa siwajui," alisema Katibu.

Alisema hivyo tu. Mkufunzi wa chuo cha uuguzi, mama mzito asiyependa maneno mengi, akasema kura ni ya mwenyewe. Wa kilimo akasema hata yeye anaona hivyo. Mwenyekiti akawazungushia macho wote, hakuna aliyepinga, akasema sawa: chuo cha Makambako kimeingia, kuanzia leo. Halafu, kwa kuwa ni mtu wa taratibu, akafafanua maana ya kuanzia leo. Sisi ni wa mwisho kuingia, tutapanga mstari wa nyuma, na makombe ya miaka yote iliyopita yatahesabiwa kwa vyuo vilivyokuwa vya pili nyuma yetu.

Nilijua mkuu wangu atapiga kelele, nilijua wanafunzi watalia. Lakini sikuwa nawaza hayo. Katibu alikuwa bado amesimama, na alikuwa amenigeukia, ananitazama machoni. Sijawahi kuona uso wake ukiwa na hofu namna ile.

"Makombe yote yamekwenda, Mwalimu," alisema kwa sauti ndogo. "Lakini mwakani mtakuja?"

"Tutakuja, Madam."

Akanishika mkono wa shati, akauliza tena.